Nane, Tosha Tatu

Kamembe, Jumapili, saa nane mchana

Sifa mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi tukinywa chai, na jioni tutasalimiana tena hapa hapa, kwa hiyo barua hii inaanza bila salamu. Wewe na Maman mmekwenda Mibirizi kumuaga shangazi yako. Mimi nilisema goti linaniuma, siwezi kupanda kilima. Goti haliniumi hata kidogo. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike, na sasa ni tupu, na nimeizunguka meza mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Kesho saa kumi na mbili gari linakuchukua hadi msituni, na kutoka hapo ni pikipiki mpaka Bweyeye. Mambo ya sweta, dawa, maji ya kuchemsha na simu ya kuchaji kwa jirani, Maman ameshakuambia, na kesho atakuambia tena mlangoni. Sina la kuongeza. Ingawa viatu vya mvua ungeviweka juu ya mzigo, si chini ya godoro, maana kule mvua haingoji mtu afungue kamba. Basi, nimekoma. Nilijiapia nisiingie huko.

Nina jambo moja tu. Jumatano nilikuwa nyuma ya nyumba nikichonga mpini wa jembe, nanyi mlikuwa jikoni mkichambua mboga. Hukujua kama niko pale. Ukamwambia Maman: "Nikifika nitaomba banipe kusoma na kuimba. Hesabu nitabadilishana na mwalimu mwingine. Kichwa yangu haiko na hesabu, Papa anajua." Maman akakujibu kwamba darasa la kwanza huwa na mwalimu mmoja, naye hufundisha yote. Ukasema: "Basi bakikatala, narudia hapa. Nitauza bitenge pale mpakani na shangazi."

Papa anajua! Niliushika ule mpini nikasahau nilikuwa naufanyia nini. Ni kweli, Sifa, najua. Ila ninachojua sicho unachodhani. Najua ni nani alikuambia kwamba kichwa chako hakina hesabu, najua siku yenyewe, najua ulikuwa umevaa nini, na najua kwamba mtu huyo alikosea. Ni mimi. Nimekaa nalo miaka kumi na sita. Nikikuacha uondoke kesho bila kukuambia, utasimama mbele ya watoto wa watu na kosa langu kichwani mwako, na labda baada ya wiki mbili utarudi na godoro lako, umeacha kazi uliyoisomea miaka yote hii. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si barabara wala baridi ya kule.

Nimeinuka kuangalia njia. Hakuna mtu, isipokuwa mbuzi wa jirani. Acha niandike haraka.

Unajua ulizaliwa Kigoma, lakini sidhani kama umewahi kuwaza maana yake. Mimi nimekulia Bukavu, mtoto wa Wanyarwanda waliokuwa ugenini. Vita vikanisukuma hadi Kigoma, nikampata Maman. Wewe ulipokuwa unatambaa, nikatangulia mimi huku Rusizi, nchi ya wazazi wangu ambayo sikuijua, nikatafute kazi. Ninyi mkabaki kwa bibi yako mzaa mama. Nilikuja kuwachukua ukiwa na miaka sita, na mlifika hapa wiki mbili tu kabla shule haijafunguliwa. Ulikuwa hunijui. Ulinisalimu "shikamoo, baba" ukaenda kujificha nyuma ya gauni la Maman.

Na ulikuwa huijui lugha yangu. Mimi na wewe tulidhani tunazungumza Kiswahili kimoja. Chako kilikuwa cha bibi yako, kimenyooka kabisa. Changu ni hiki cha Bukavu, na nikiandika hujikaza kama unavyoona, lakini nikifungua mdomo ni "batoto" na "bantu" na "njo ile" badala ya "ndiyo ile". Ulikuwa unanicheka. Nikisema "muntu" ulijiviringisha kwenye mkeka kwa kicheko, na mimi nilifurahi, maana angalau ulikuwa unacheka na baba yako.

Nikakuingiza darasani kwangu. Maman alisita. Nilimwambia, "Mutoto wangu nitamufundisha mimi."

Shule ile unaikumbuka, vyumba vinne na paa la mabati, mvua ikinyesha tunaandika tu kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake. Kanuni ilikuwa wadogo wafundishwe kwa Kinyarwanda. Kinyarwanda changu wakati ule kilikuwa cha mtu aliyekisikia kwa wazazi jioni tu; watoto wa miaka saba walikuwa wananisahihisha. Mkuu wa shule alinionya mara mbili: "Mwalimu, Kiswahili chako cha Bukavu kiache getini." Wenzangu waliniita Mukongomani. Ulikuwa utani, nami nilicheka nao, lakini nikifika nyumbani niliurudia rudia kichwani hadi chakula kinapoa.

Kitu kimoja tu kilinipa heshima pale, nacho ni hesabu. Sisi huko Bukavu tulifundishwa kujumlisha kwa kuimba kwa Kifaransa na kwa fimbo: "cinq et trois, huit," yaani tano na tatu ni nane, na asiyeimba alichapwa. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya walimu, tukaambiwa mtoto ashike, ahamishe, aone kwa mkono kabla ya kuona ubaoni. Lilinichoma moyoni kama habari njema. Nilikwenda mabaa yote ya Kamembe kuomba vizibo vya chupa, mpaka watu wakadhani nimeanza kunywa. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya vizibo kutimia, nilitumia karanga za kuchemsha. Nikawagawia kumi kumi. Nikageuka kuandika ubaoni, nikarudi, nikauliza mbili na nne ni ngapi. Mtoto mmoja wa mbele akasimama akasema kwa adabu zote: "Zéro, mwalimu. Tumesha kula." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Usitumie kitu kinacholiwa, Sifa. Hilo nalo ni agizo, nisamehe.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Wazazi walialikwa kuja kuona watoto wao wanavyosoma. Mkuu wa shule alikuwa amekwenda kwenye mkutano. Darasa likajaa akina mama wenye vikapu, wengi wao ni wale wanaovuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kila siku kwenda sokoni Bukavu, na kurudi na Kiswahili cha kule hadi kwa watoto wao. Nilipoona nyuso zile, Kinyarwanda kikanitoka. Nikaanza Kiswahili, na wale mama wakatabasamu, na mimi kifua kikapanda.

Na wewe, mwanangu, uliyekuwa umekaa wiki tatu kimya kwa sababu husikii neno, uliinuka kwenye benchi kama mtu aliyeitwa jina. Ulikuwa na gauni la njano ambalo bibi yako alikushonea. Kwa mara ya kwanza mwalimu anasema kitu unachokielewa! Hilo sikuliona siku ile. Naliona sasa.

Nikasema, "Batoto, mutie bifuniko tano mbele yenu." Mkaweka vitano. Nikasema, "Tano, tosha mbili. Bimebakia ngapi?"

Ulikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Mbili, baba!"

Darasa likacheka, kwanza kwa sababu ya "baba". Nikatabasamu. Nikasema tujaribu tena. "Nane, tosha tatu."

Watoto wote wakavuta vizibo vitatu pembeni. Wewe ukahesabu vitatu taratibu, ukaviweka vizuri mbele yako, ukachukua vile vitano vingine ukavirudisha kwenye kopo. Ukakunja mikono ukaningoja. Nikauliza vimebaki vingapi. Ukasema, "Tatu." Ulikuwa unatabasamu, una uhakika kabisa.

Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwalimu, mutoto yako njo anashindwa?" Wengine wakacheka. Hakuwa na ubaya, lakini mimi nilisikia Mukongomani, Mukongomani, Mukongomani. Nikarudia mara ya tatu, kumi tosha nne. Ukasema nne. Basi nikaona umeshika mchezo wa kurudia namba ya mwisho ninayoitaja. Nikasema mbele ya wote, "Huyu hahesabu. Huyu ni kasuku." Na nikakunyang'anya vizibo. Nikavitia mfukoni, nikakuacha na mikono mitupu hadi kengele ilipolia, wenzako wakihamisha vyao huku na huku.

Hukulia. Ulitazama mikono yako tu.

Jina la Kasuku lilianza pale pale mlangoni wakati wa kutoka. Lilikufuata hadi darasa la tano, nadhani, au la sita. Wewe utajua zaidi kuliko mimi.

Nimekwenda kunywa maji. Saa tisa na nusu. Radio ya jirani inapiga nyimbo za kwaya, na nikasimama dirishani nikisikiliza kana kwamba sina kazi. Narudi.

Mwezi mmoja baadaye tulikuwa mezani, mchana wa Jumapili kama leo. Jirani yetu Papa Bahati, yule aliyekuwa fundi wa baiskeli, alipita tukamkaribisha. Viazi vilikuwa vichache. Wewe ulikuwa na sita, vile vidogo. Nikakuambia, "Sifa, tosha bibili umupe Papa Bahati." Wewe ukabakiza viwili kwenye sahani yako, ukampa yule mzee vinne. Papa Bahati akashangaa, "Eeh! Mutoto ya roho muzuri sana!" Maman akakuuliza, "Mwanangu, viwili vitakutosha kweli?" Ukamjibu, "Baba amesema viwili tosha."

Viwili tosha. Kijiko kilinibaki hewani. Bibi yako alipokuwa anakumiminia uji kule Kigoma, alikuuliza "tosha?" nawe ukajibu "tosha, bibi". Kwako neno lile ni kutosheka. Kwangu mimi, na kwa Bukavu nzima, kutosha ni kuondoa, kutosha kitu mfukoni, kutosha mtoto nje. Nilisema nane, ondoa tatu. Wewe ulisikia nane, tatu zinatosha. Ukabakiza tatu zilizotosha, ukazirudisha tano zilizozidi, kwa heshima, kwa mkono wako mwenyewe, na hukukosea hata mara moja.

Hata hapo ningeweza kujidanganya. Ndiyo maana baada ya chakula nilikupeleka nyuma ya nyumba, nikakupa maharage kumi kwenye kiganja, nikatumia neno la Maman. "Kumi. Toa manne." "Sita," ukasema kabla sijafunga mdomo. "Kumi na tatu, toa tano." Maharage hayakutosha, ukaongeza vidole vyako, ukasema, "Nane." Nilikuuliza mpaka ishirini. Ulipata yote. Ukaniuliza, "Baba, leo sijawa kasuku?" Nikasema, "Hapana." Nikakutuma ukacheze.

Ningekuwa mtu mzima siku ile, Jumatatu ningesimama mbele ya darasa nikasema jambo hili kwa dakika mbili, na jina lile lingekufa. Sikusimama. Nikaanza kupiga mahesabu yangu mwenyewe. Nikisema, mkuu wa shule atajua kwamba nilifundisha Kiswahili siku ya wazazi, na tena Kiswahili kile kile alichonikataza. Wenzangu watapata cha kusimulia mwaka mzima. Na wiki ile ile nilikuwa nimeombwa niwaonyeshe walimu wengine jinsi ya kufundisha kwa vizibo, mimi, Mukongomani. Nilitaka sana kuombwa. Nikaona bora ninyamaze, mtoto atasahau.

Nikamwambia Maman si vizuri baba kumfundisha mtoto wake, nikakuhamishia chumba cha pili. Ulipoingia kule na Kinyarwanda cha kubabaisha, ukiulizwa hesabu ulikuwa unaficha mikono chini ya meza. Mwalimu wako aliniambia, "Huyu wako anaogopa namba." Nikatikisa kichwa kama daktari anayesikia ugonjwa asioujua. Maman hata leo hajui. Nimemficha mke wangu miaka yote hii kwa ajili ya neno moja, na ni neno la jikoni.

Nimeandika. Sasa limeandikwa. Nilidhani nitapumua vizuri zaidi, lakini bado nainuka inuka. Nimekwenda kukaza kamba ya mzigo wako ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Sikiliza nikuambie nilichopata humo, maana nisingekipata bila kukuumiza, na itakuwa hasara juu ya hasara nisipokupa. Tangu Jumapili ile sijamwambia mtoto "umekosa" kabla ya kumwambia "nionyeshe". Ni neno dogo na linachosha, hasa ukiwa na watoto hamsini na mvua juu ya bati. Kuna siku nimelikasirikia. Lakini mtoto akikuonyesha alivyofika, mara nyingi unakuta alikuwa na sababu.

Nilikuwa na darasa moja lililokuwa linanipa saba kwa tano na tatu. Nilikuwa nimewachorea mstari kwa mkaa kwenye uwanja, moja hadi ishirini, warukie mbele kwa kujumlisha na nyuma kwa kutoa. Tano, ongeza tatu: saba. Kila siku saba. Nilikuwa karibu kufuta mstari. Ndipo nikamwambia msichana mmoja, nionyeshe, nikamtazama miguu badala ya mdomo. Alisimama kwenye tano, akakanyaga pale pale kwa nguvu akisema "moja", ndipo akaruka. Alihesabu mahali aliposimama! Wote walikuwa wanafanya hivyo, kwa sababu mimi nilipowaonyesha mara ya kwanza nilikanyaga hivyo hivyo, ili wasikie. Walikuwa wameniiga mimi, mwalimu wao, hadi kishindo cha kiatu.

Na mwaka mwingine tulikuwa na vijiti vya mtama, kumi kumi vimefungwa nyumbani kwa kamba ya mgomba. Thelathini na mbili, toa tano. Huwezi kutoa tano kwenye viwili vilivyo huru, ni lazima ufungue fungu moja. Mtoto mmoja akagoma kabisa. Nikamwambia nionyeshe. Akalikumbatia lile fungu: "Mwalimu, Maman yangu alifunga hii usiku muzima." Hakuwa na shida ya hesabu, alikuwa na huruma. Tulikubaliana akishamaliza kutoa, tutafunga upya pamoja vile vitakavyobaki. Alitoa, akapata ishirini na saba, akakasirika kidogo kwa sababu vile saba havikutosha kufungwa. Tazama, neno hilo tena, na hapo ni la Kigoma. Hata mimi sasa nalitumia namna zote mbili na sijui ninachanganya wapi.

Watu hunisifu, Sifa. Wanasema Mwalimu wa Kamembe ana subira ya ajabu na wadogo. Kila wakisema, moyo unanikwaruza. Wewe hukuwahi kuipata subira hiyo. Uliilipia, wakaipata wengine.

Kule Bweyeye watoto wengi watakuwa na Kinyarwanda chao cha kando ya msitu, na wengine wana maneno ya Burundi kwa sababu mpaka uko pale pale. Wewe utakuwa mgeni kwao, kama ulivyokuwa kwangu. Utasema neno lenye maana moja, na katikati ya benchi kutakuwa na mtoto mmoja anayelisikia kwa namna ya bibi yake. Atakuwa anatabasamu na ana uhakika. Sikuambii cha kufanya. Nakuambia kwamba atakuwepo.

Na usiniambie kichwa chako. Arusi ya binti ya shangazi yako, mwaka jana, sahani zilikuja mia moja na arobaini, wageni wakafika zaidi ya kadi, zikavunjika kadhaa, nyingine zikapelekwa kwa wapishi. Mimi nilikuwa natafuta karatasi. Wewe umesimama mlangoni na mtoto wa mtu mgongoni ukasema, "Zimepungua ishirini na tatu, mtu akimbie kwa jirani." Zilihesabiwa. Zilikuwa ishirini na tatu. Baadaye nilikuambia umefanya vizuri, ukanijibu, "Ile si hesabu, Papa, ile ni sahani." Uliona nimeinuka ghafla nikaenda nje. Ulidhani nimekunywa.

Ile ni hesabu, mwanangu. Hakuna nyingine.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Kama ukifika kule ukaona kufundisha hesabu hakukupendezi, badilishana na mwenzako, au rudi uuze vitenge, na mimi nitakubebea mzigo mpaka mpakani kila asubuhi bila kunung'unika. Lakini ifanye kwa sababu yako. Usiifanye kwa sababu Papa anajua. Papa hakujua. Halafu alipojua, akanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko lile neno.

Saa kumi na nusu. Nimewasikia. Ni kicheko cha Maman pale kwenye kona ya duka, anamsalimu mtu, na Maman akisalimu mtu tunapata dakika kumi.

Nikuambie ukweli wa mwisho. Tangu nilipoanza kuandika, nilipanga kuikunja barua hii niitie ndani ya mzigo wako, katikati ya nguo, uikute Bweyeye. Ungesoma huko peke yako, ungelia au ungenikasirikia huko, na mimi ningekuwa hapa na milima katikati yetu. Nimeshaikunja hata mara moja, mkunjo utauona. Halafu nikajiona jinsi nilivyo. Ni mtu yule yule wa viazi, aliyekutuma ukacheze.

Nimeifungua tena. Nitakupa mkononi, leo, mkishavua viatu. Nitakuomba usome kwa sauti, Maman asikie, na kama kuna jirani ameingia naye akae asikie. Nilikuita vile mbele ya watu, haifai nikuombe msamaha kwenye mfuko wa nguo. Nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako na sitainuka, ingawa unajua leo siwezi kukaa.

Maman, wewe unayesikiliza, nawe unisamehe. Subiri zamu yako.

Sifa, ukifika kwenye mstari huu, weka karatasi chini. Niangalie. Niulize lolote, kwa neno lolote, na nisipokuelewa nitakuambia unionyeshe.

Mimi baba yako